Mlingoti, honi na subira: jinsi mashua ndogo ya tanga inavyovuka mfereji wa Seattle

Mashua ya injini yenye urefu wa mita 9 hupita chini ya daraja la Fremont, mjini Seattle, bila aliyeshika usukani kuinua hata macho. Mashua ya tanga ya urefu huohuo ikifika hapo, taa nyekundu huwaka barabarani, vizuizi hushuka, mabasi na baiskeli husimama, na mabawa mawili ya daraja huinuka kama viganja vya mtu anayeomba dua. Kinachotofautisha vyombo hivi viwili ni mlingoti.

Mlingoti huo ndio unaoigeuza safari ya kilomita 13, ambayo ingechukua saa moja na ushei, kuwa safari ya kupima, kupiga honi, kusikiliza na kungoja. Wengi wanaoijia mara ya kwanza huliogopa daraja lenyewe. Nionavyo mimi, daraja ndilo jambo jepesi: likishafunguka unapita katikati, basi. Ugumu uko kwa yanayotangulia: kukijua kimo cha chombo chako bila kubahatisha, na kukisimamisha mahali ambapo upepo na vyombo vya wenzako havikupi nafasi ya kusimama.

Mfereji huu, uitwao Lake Washington Ship Canal, unaanzia kwenye maji ya chumvi ya Puget Sound, mkono wa Pasifiki ulioingia ndani ya jimbo la Washington, kaskazini-magharibi mwa Marekani. Unapita Salmon Bay na Ziwa Union, kisha unaishia Ziwa Washington. Ulijengwa na kikosi cha wahandisi wa jeshi la Marekani na kuzinduliwa rasmi tarehe 4 Julai 1917. Mwaka uliotangulia, Ziwa Washington liliteremshwa karibu mita 2.7 ili lilingane na Ziwa Union. Mto Black, ambao maji ya ziwa hilo yalikuwa yakitokea upande wa kusini, ukakauka, na watu wa kabila la Duwamish walioishi na kuvua kando yake wakaupoteza. Nalitaja hili kwa kuwa kila kipimo cha madaraja ya mfereji huu kinaanzia kwenye usawa wa maji uliowekwa na binadamu, na usawa huo uliwagharimu watu wengine mto wao.

Ukitoka baharini unakutana kwanza na daraja la reli la Salmon Bay, kisha malango ya maji ya Ballard, halafu madaraja ya Ballard, Fremont, Aurora, lile la barabara kuu ya I-5, University, na mwisho Montlake. Aurora la mwaka 1932 na lile la I-5 la mwaka 1962 yamejengwa juu sana, zaidi ya mita 35 kutoka majini, na mashua ndogo haina la kujadiliana nayo. Mengine yote hufunguka.

Kimo chako ni kipi hasa?

Fremont lina nafasi ya futi 30 kutoka majini hadi tumbo la daraja, yaani mita 9 tu. Ballard, University na Montlake yana mita 13 hadi 14 hivi yakiwa yamefungwa. Kwa hiyo mashua nyingi ndogo za tanga hazina budi kufunguliwa Fremont, na zipo ambazo zinaweza kupita matatu mengine bila kumsumbua mtu. Hapo ndipo penye mtego.

Chukua mashua ambayo kitabu chake kinasema mlingoti una mita 12. Mita 12 kutoka wapi? Ikiwa ni kutoka kwenye sitaha, ongeza kimo cha sitaha kutoka majini, tuseme mita 1.2. Juu ya kilele kuna antena ya redio; ongeza sentimita 90. Umefika mita 14.1, na daraja la Ballard ambalo kwenye karatasi ulilipita kwa raha sasa linakata antena na pengine na taa. Dawa yake ni kupima mwenyewe. Funga utepe wa kupimia kwenye henza, ile kamba ya kutwekea tanga, uuvute hadi kileleni siku ya maji kutulia, usome namba pale unapogusa maji. Kisha ongeza kilicho juu ya kapi ya henza. Namba hiyo iandikwe karibu na usukani, mahali ambapo hata mgeni aliyeshika zamu ataiona.

Macho hayafai kwa kazi hii. Ukiwa umesimama kwenye sitaha ukatazama juu, kila daraja linaonekana litagonga mlingoti, hata lile lenye nafasi ya mita tano za ziada. Nahodha anayezoea kupuuza hofu hiyo ya macho, siku moja ataipuuza hofu iliyokuwa ya kweli.

Msomaji wa pwani yetu anaweza kujiuliza kwa nini wasiushushe mlingoti. Jahazi na mashua zetu zina mlingoti mfupi na foromali refu, ule mti unaobeba tanga: ukitua tanga, foromali linashuka nalo, na kimo cha chombo kinapungua papo hapo. Mashua ya kisasa ya Ulaya na Marekani imechukua njia nyingine. Mlingoti wake ni mrefu, mwembamba, umekazwa kwa nyaya za chuma kila upande, na kimo hakipungui hata nukta tanga likitua. Zipo ndogo zenye bawaba chini ya mlingoti, lakini kuulaza na kuusimamisha tena kwa ajili ya kila daraja ni kazi ya kuchosha na yenye hatari ya kumwangukia mtu. Kwenye njia ya maji ya pwani ya mashariki mwa Marekani, ambako madaraja mengi yasiyofunguka yana futi 65, wako wenye milingoti mirefu kidogo ambao huning'iniza mifuko ya maji upande mmoja ili chombo kilale ubavu na kilele kishuke. Inawezekana, ila mimi nisingemshauri mtu aanzie hapo.

Tena maji yenyewe hayakai mahali pamoja. Upande wa ziwa mambo ni mepesi: wahandisi wa jeshi hulidhibiti ziwa ndani ya futi 2, chini wakati wa baridi na juu kuelekea kiangazi. Sentimita 60 hizo si kitu kwa mwenye nafasi kubwa, lakini kwa aliyepita Ballard mwezi wa Desemba kwa nusu mita, mwezi wa Juni ni habari nyingine. Upande wa bahari, chini ya daraja la reli, maji hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3, karibu sawa na bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwandamo, la Mombasa au Unguja. Tofauti ni kwamba kwetu kujaa mara mbili kwa siku kunakaribia kulingana, ilhali Puget Sound kujaa kumoja kunaweza kuwa kukubwa na kupwa kumoja kukawa kwa chini sana kuliko kwa pili. Anayehesabu kwa mazoea ya kwetu, kwamba maji ya jioni yatakuwa kama ya asubuhi, atakosea. Lazima asome jedwali la siku ileile.

Ramani za baharini za Marekani huandika nafasi ya daraja kwa kupimia wastani wa maji makuu. Daraja la reli la Salmon Bay lina mita 13 hivi kwa kipimo hicho. Maji yakipwa, nafasi inaongezeka. Yakijaa kupita wastani, inapungua chini ya iliyoandikwa. Bahati nzuri bawa lake huachwa limeinuliwa muda mwingi na kushushwa treni inapokaribia. Likishuka, hakuna honi itakayolipandisha kabla treni haijapita, na hapo mtu huanza kulijua somo la kungoja.

Ndani ya kizimba cha maji

Malango ya Ballard ndiyo yanayotenganisha chumvi na maji baridi. Yana jina la Hiram M. Chittenden, mhandisi wa jeshi aliyepigania mpango huu na kufariki Oktoba 1917, miezi michache baada ya uzinduzi. Kuna vizimba viwili: kikubwa chenye urefu wa mita 251 na upana wa mita 24, na kidogo chenye mita 46 kwa 9. Mashua huingia, milango hufungwa nyuma yake, maji huongezwa au kupunguzwa, kisha milango ya mbele hufunguliwa. Kupanda huko ni kati ya futi 6 na 26 kufuatana na maji ya bahari siku hiyo. Kazi hii hufanyika usiku na mchana, na hakuna malipo.

Unatakiwa uwe na kamba mbili za mita 15 hivi, kila moja ikiwa na kitanzi kipana mwishoni, na dafrau, yaani mito ya kuzuia chombo kisigonge ukuta, pande zote mbili, maana hujui utalazwa upande gani. Kizimba kidogo kina kuta zinazoelea. Unafunga kamba kwenye ukuta, nao unapanda na kushuka pamoja nawe. Kikubwa hakina huruma hiyo. Kamba inapelekwa juu kwa mfanyakazi aliye ukingoni, na upande wako lazima mtu aishike: maji yakipanda aivute, yakishuka ailegeze. Ikifungwa fundo ngumu na maji yakashuka, mashua itaning'inia ukutani kwa kamba yake yenyewe mpaka kitu king'oke. Kwa hiyo kamba huzungushwa tu kwenye kishikio cha sitaha, na anayeishika hafanyi kazi nyingine, wala hapigi picha.

Jambo moja linawashangaza wengi. Milango ya upande wa ziwa ikishafunguka na maji yakiwa sawa, bado chombo husukumwa kana kwamba mto umeingia kizimbani. Maji ya chumvi ni mazito kuliko maji baridi. Yale yaliyopanda pamoja nawe kutoka baharini huteleza chini kuelekea ziwani, na maji baridi hurudi juu kujaza nafasi yake. Msukumo huo hupungua baada ya muda mfupi. Usifungue kamba mpaka injini inaitika na mfanyakazi amekuashiria. Kandokando ya malango kuna bwawa la kumwaga maji ya ziada na ngazi ya samaki, ambamo samaki aina ya salmoni hupanda kutoka baharini kwenda kuzaa. Kaa mbali na upande huo, kwa kuwa maji yake yana nguvu.

Kuzungumza na daraja

Ombi la kufunguliwa ni honi moja ndefu, sekunde 4 hadi 6, ikifuatwa na moja fupi. Mlinzi wa daraja akijibu kwa sauti ileile, ndefu na fupi, amekubali na atafungua. Akijibu kwa tano fupi za harakaharaka, maana yake hapana, au bado, au daraja linaanza kufungwa, usisogee. Redio ya VHF, chaneli 13, hutumika pia. Na usidhani kumfuata mwenzako aliyekwisha kupiga honi kunatosha: kila chombo hujiombea, la sivyo mlinzi huenda akashusha bawa akiamini aliyepita ndiye wa mwisho.

Wageni wengi huona haya kusimamisha magari kwa ajili ya chombo cha watu wawili. Sheria haioni hivyo. Njia ya maji ni ya umma, na daraja ndilo lililowekwa juu yake kwa ruhusa, kwa sharti kwamba litafunguka likiombwa. Lakini sheria hiyohiyo inaweka wajibu upande wa pili: ikiwa ungeweza kupita kwa kulaza antena au kitu kingine kinacholazika, huna haki ya kuomba ufunguliwe, na unaweza kutozwa faini. Naona ni uadilifu mzuri. Barabara inasimama kwa ajili ya mlingoti, haisimami kwa ajili ya uvivu wa mwenye mlingoti.

Mji nao una saa zake. Siku za kazi, vyombo vya chini ya tani 1,000 havifunguliwi saa 1 hadi saa 3 asubuhi, wala saa 10 hadi saa 12 jioni, muda wa watu kwenda na kurudi kazini. Montlake lina utaratibu wake wa ziada, inabidi uusome peke yake. Usiku, kuanzia saa 5 hadi saa 1 asubuhi, madaraja ya mji hutaka taarifa ya saa moja kabla. Hesabu hizi zifanywe kabla ya kuingia malangoni. Aliyetoka kizimbani saa 9:45 alasiri amejifungia mwenyewe kati ya malango na Fremont hadi saa 12.

Fremont, lililofunguliwa Juni 1917, ni miongoni mwa madaraja yanayofunguka mara nyingi zaidi Marekani, wastani wa mara 35 hivi kwa siku. Linaweza kwa sababu ya mizani: kila bawa lina uzito mkubwa wa zege upande wa nyuma unaokaribia kulingana na uzito wa mbele, kama watoto wawili wa kilo sawa kwenye pembea ya ubao. Injini haibebi daraja. Inalisukuma tu litoke kwenye usawa wake.

Kusimama bila kusimama

Sasa tufike penye kazi. Umepiga honi, umejibiwa, na kuna dakika tatu, au kumi, au ishirini za kungoja. Mashua haina breki. Usukani nao hufanya kazi maji yakipita juu yake tu; chombo kikisimama kabisa, kuuzungusha ni sawa na kuzungusha usukani wa gari lililoinuliwa juu ya jeki. Papo hapo mlingoti, nyaya na tanga lililokunjwa vinashika upepo, na omo, yaani mbele ya chombo, ambayo ni nyepesi kuliko tezi, yaani nyuma yake, inaanza kusukumwa kando. Njia ya maji ya Fremont ina upana wa mita 30 hivi. Mashua ya mita 9 ikikaa mshazari humo, imekwisha kuzuia wenzake.

Kosa la kawaida ni kulikaribia daraja mno. Mtu hufika hadi kivulini mwake, kisha upepo wa tezi unamsukuma kuelekea nguzo. Anarudisha injini nyuma kwa nguvu, pangaboi linavuta tezi upande mmoja kama kawaida yake, na chombo kinageuka mzima mbele ya daraja lililofungwa. Afadhali ukae mbali, urefu wa vyombo vitano au zaidi, penye nafasi ya kugeuka duara. Ukiwa na wasaa, zunguka polepole; mwendo mdogo unaupa usukani uhai. Ukiwa huna nafasi ya kuzunguka, mashua nyingi hutulia zaidi zikiupa upepo tezi huku injini ikirudisha nyuma kidogokidogo, kwa sababu omo hufuata upepo badala ya kupigana nao. Jaribu njia zote mbili mahali palipo wazi kabla hujazihitaji. Kila chombo kina tabia yake, na kila pangaboi lina upande linaoupenda.

Tanga, je? Ndani ya mfereji huna nafasi ya kupiga bisha, yaani kwenda mshazari huku na huku dhidi ya upepo, na upepo hubadilika kila jengo linapokwisha, hivyo ni injini. Lakini tanga lisifungwe kamba kumi kana kwamba safari imekwisha. Henza iwe imeunganishwa, na nanga iwe tayari kudondoshwa na mtu mmoja bila kufungua kufuli lolote. Injini huzimika siku yoyote, na ikizimika mita 50 kutoka kwenye nguzo za daraja, muda ulio nao ni wa tendo moja tu.

Bawa likiinuka, ngoja lifike juu na liache kusogea. Pita katikati, maana pembeni daraja la namna hii huwa halijainuka kwa kiasi kilekile, na ncha ya mlingoti uliolala kidogo kwa upepo inaweza kugusa. Mwendo uwe wa kutosha kushika njia, chini ya noti 7, yaani maili 7 za baharini kwa saa, zilizowekwa kuwa mwisho. Ukishapita, usisimame kusherehekea, kuna wenzako nyuma.

Ziwa Union hukupa pumzi. Pana nafasi, ingawa ndege za majini hutua na kuruka hapohapo, nazo zinahitaji uwanja kuliko wewe. Kisha University, kisha Montlake, ambapo kuta za zege zimenyooka pande zote mbili. Mawimbi ya chombo kikubwa kilichopita hayafi pale. Yanagonga ukuta, yanarudi, yanakutana na yale ya upande wa pili, na mashua ndogo hutikisika dakika kadhaa baada ya aliyeyasababisha kutoweka. Jumamosi ya kwanza ya Mei, msimu wa vyombo unapofunguliwa, mlango huu hujaa gwaride la mashua na mashindano ya makasia. Siku hiyo si ya kujifunzia.

Nje ya Montlake maji yanafunguka, unazima injini na kutweka tanga. Kusini utaona daraja la barabara ya 520, lililofunguliwa 2016, linaloelea juu ya maboya ya zege kwa mita 2,350, refu kuliko yote yanayoelea duniani. Wenyeji wa Mombasa watakumbuka daraja la Liwatoni, lililokuwa likiachia sehemu yake ya kati ili meli zipite Kilindini. Daraja la zamani la 520 lilifanya vivyo hivyo. Hili jipya halifunguki: limeinuliwa kwenye ncha zake mbili, karibu mita 21 upande wa mashariki na 13 hivi upande wa magharibi. Kwa ile mashua ya mita 14.1, njia ni ya mashariki.